Barua ya wazi kwa Bodi ya Filamu: tuleteeni makopo

Waheshimiwa Bodi ya Filamu Tanzania,

Huku Mbamba Bay usipa umekauka vizuri, lami ya kutoka Mbinga imetufikia, na jioni kibandani hatukosi sinema ya Bongo. Shida yetu ni moja: makopo.

Sinema zimetufundisha kwamba kichaa hajifichi. Nywele zina majani, suruali ina mguu mmoja, makopo yanalia kiunoni, anacheka peke yake jalalani. Aliugua pale mke mwenza alipofukia kitu mlangoni, na atapona kwa maombi kabla ya wimbo wa mwisho. Daktari wake ana koti jeupe. Huvua miwani, husema "tumejitahidi", hutoka. Sijamwona hata mmoja akimuuliza mgonjwa amelalaje.

Sasa jirani yangu anatuharibia. Mwaka wa saba huu anachomwa sindano yake kila mwezi, anashona nyavu, anadai madeni yake bila kusahau hata mia, na shati lake limenyooka kwa pasi. Watoto walipoambiwa ana ugonjwa wa akili walibisha: mbona hana makopo? Wakubwa hawakubisha. Walimkwepa, wakahamia mtumbwi mwingine.

Msiwaige Wamarekani. Filamu yao ya mwaka 1975, One Flew Over the Cuckoo's Nest, waliipigia ndani ya hospitali ya kweli ya magonjwa ya akili huko Oregon, mkuu wa hospitali, Dk. Dean Brooks, akaigiza daktari, na baadhi ya wagonjwa wakapewa kazi za utayarishaji. Wakabeba Oscar 5 bila kopo hata moja! (Ila waliwatia watu hofu ya tiba ya umeme mpaka leo, kwa hiyo hata kupigia filamu hospitalini hakumpi mtu macho.) Sisi hospitali ya akili ya Mirembe tunayo, Dodoma, tangu 1927, lakini mtayarishaji achome mafuta ya nini, na jalala liko nyuma ya nyumba yake?

Kwa kuwa Sheria ya Filamu ya 1976 inawaruhusu kukagua filamu, naomba mtuongezee na ukaguzi wa wagonjwa, wafanane na filamu. Kila anayetoka kliniki apewe makopo matatu, yaliyojaribiwa mlio.

Harakisheni. Jirani ana miadi ya kliniki Alhamisi. Makopo yakichelewa, atapanda tena gari na shati lake la pasi, na konda atamwita bosi.

Wenu mtiifu,
Mtazamaji wa benchi la mbele