Hotuba ya Mtu Asiyetapelika

Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa, ingawa mshereheshaji amenitambulisha kama "Ndugu" ilhali kadi ya mwaliko inasema Dokta. Kosa hilo nimelisamehe, ila sijalisahau, maana ndilo kiini cha mada yetu: kulinda akaunti za pesa za simu. Hoja yangu ni moja tu: anayetapeliwa ni mtu asiye na hadhi. Tangu M-Pesa iingie Tanzania mwaka 2008, mwizi ameweka nondo chini akashika simu. Mtambo hauvunji, anambembeleza mwenye mali ataje namba ya siri kwa mdomo wake mwenyewe. Sasa mwenye mali akiwa msomi, ataitajaje?

Chukueni ule ujumbe maarufu: "Ile hela tuma kwenye namba hii, jina litakuja..." Nguvu yote imo katika "ile". Aliyeuandika hajui ni hela gani wala ya nani. Anaumwaga kwenye simu za watu kibao, kila mmoja ajaze mwenyewe: huyu kodi ya nyumba, yule ada ya mtoto, mwingine mchango wa harusi. Upatanisho wa kisarufi ni sahihi, jambo linaloniudhi, kwani kitabu changu cha vionyeshi, kurasa 212, hakijamtoa mtu hata shilingi.

Wapo watakaopinga wakisema hata wasomi huibiwa, kwa kuwa tapeli hakagui vyeti. Silaha zake ni haraka na sifa. Hoja dhaifu. Mtu akinipigia na kuniita Dokta bila kukumbushwa, huyo ni mtu wa ofisini. Tapeli angekijuaje cheo changu? (Kwamba kimeandikwa kwenye gari, WhatsApp na mlango wa banda la kuku ni suala jingine.) Wanadai pia kuwa kampuni za simu humpigia mteja kwa namba 100 pekee. Hiyo ni kwa wateja wa kawaida. Mtu wa hadhi hupigiwa na meneja mwenyewe, kwa namba yake binafsi, usiku, naye akiwa na haraka.

Namba ya siri nayo wanaikuza bure. Tarakimu 4 hutoa namba 10,000, bahari nzima. Wabishi husema anayeweka mwaka wa kuzaliwa ameigeuza bahari kuwa ndoo. Mwaka wangu tunaujua mimi, wageni 400 wa jubilei yangu, na bango lililobaki pale njia panda. Kisha TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wanahimiza ujumbe wa kitapeli utumwe kwenda 15040, na kila mtu apige *106# aone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Nimepiga. Zipo 9, nami ninatumia moja. Hamuoni jinsi jina langu linavyopendwa?

Nashukuru kwa makofi, japo yalianza kabla sijamaliza. Ile ada ya hotuba msiitume kwenye namba iliyo kwenye kadi. Laini hiyo kwa sasa anayo yule meneja. Tumeni kwenye namba hii ya shemeji yangu. Jina litakuja la kike.