Nyaya Fupi, Vyeo Virefu

Wakati Airbus ikiunda A380, ndege kubwa kuliko zote za abiria, wahandisi wa Hamburg walichora nyaya kwa toleo la 4 la programu ya CATIA. Wenzao wa Toulouse walishahamia toleo la 5, na matoleo hayo mawili hayakuelewana.

Mafundi wa Toulouse wakapokea vifurushi vya nyaya kutoka Ujerumani, wakavipitisha ukutani mwa ndege, wakavuta. Havikufika. Kila A380 ina nyaya za zaidi ya kilomita 500. Zilizokosekana ni sentimita kadhaa.

Simu moja ingetosha, lakini mabosi wana shughuli nyingi. Ndege ilichelewa takriban miaka miwili, hasara ikafika mabilioni ya euro.

Mwaka 2006 Airbus iliagana na wakuu wawili. Wa pili, Christian Streiff, alidumu miezi mitatu. Huenda hata kiti kilikuwa hakijapata joto.