Fayawoli Haipewi Jina Bila Kikao

Kubadilisha jina la fayawoli ya Cisco ASA ni kazi ya kumaliza chai ikiwa bado ya moto. Unachomeka waya wa konsoli, unaandika enable na nywila, kisha configure terminal, kisha hostname na jina unalolitaka. Ukibonyeza Enter, jina jipya linajitokeza palepale mwanzoni mwa mstari. Unamalizia na write memory, la sivyo umeme ukikatika (na kwetu utakatika) kifaa kitawaka na jina lake la zamani. Tawini tuna FortiGate: huko ni config system global, set hostname, halafu end, na yenyewe inajihifadhi.

Kilichonizeesha ni jina.

Yetu iliitwa ciscoasa, kama ilivyotoka kiwandani, na haikumkera mtu hadi alipokuja mkaguzi. Akaandika kwamba jina hilo linamwambia mvamizi aina ya kifaa anachokabiliana nacho. Sawa, hoja ina maana. Nikapendekeza DSM-FW-01, nikaomba idhini. Nikapewa kikao.

Watu wasiojua hata kifaa kinakaa chumba gani wakaligombania jina kama mashangazi wa mtoto wa kwanza. Mama Uhasibu alilikataa "Simba" katakata. Yeye ni Yanga, na mishahara haitapita mikononi mwa mtani. Afisa ugavi, mtu wa Shinyanga, akamtaka Ng'wanamalundi, yule mganga wa Kisukuma anayesimuliwa kwamba akiunyooshea mti kidole, unakauka. Kusema kweli, kwa fayawoli sijasikia jina zuri kuliko hilo. Lakini ASA inapokea herufi, tarakimu na kistari tu, zisizidi 63. Ritifaa haiitaki. Nikasema basi tuandike Ngwanamalundi.

"Huyo utakuwa umemzaa wewe, kijana," akanijibu, akafunga daftari.

Mkuu wa idara akakohoa. Akaona labda si vibaya kumuenzi aliyekinunua kifaa, yaani yeye. Nikamchapishia RFC 1178, waraka wa Don Libes wa mwaka 1990 kuhusu kuchagua jina la kompyuta, unaosema wazi: usitumie jina lako mwenyewe. Akausoma wote, akauliza huyo Libes yuko idara gani.

DSM-FW-01 ikapita kwa sababu ilikuwa inakaribia saa saba na harufu ya pilau ilishaingia ukumbini. Nikaandika amri, nikahifadhi, nikaenda kula.

Simu zikaanza jioni ileile. "Tangu ubadilishe jina, mtandao umekuwa mzito." Jina lina kilo ngapi jamani? Halafu seva ya kukusanya logi, ambayo kwetu huvitambua vifaa kwa majina, ikaorodhesha DSM-FW-01 kama kifaa kipya na kutoa tahadhari kwamba ciscoasa kimenyamaza. Sijui nani aliamuru tahadhari hizo ziende hadi ugavi.

Afisa akanijia na daftari la mali. Kimoja kimepotea, kingine kimeingia bila hati ya mapokezi. Nikampeleka chumba cha seva, nikamwonyesha: kifaa kimoja, kilekile, na vumbi lake. Akalinganisha namba ya stika mara mbili.

"Hiki nakiona," akasema. "Mimi namtaka ciscoasa. Nenda polisi ulete taarifa ya upotevu."