Heko, Garantii ya Gurudumu

Mnazi umesifiwa, jahazi limesifiwa, na Lucian, mwandishi wa Kiyunani wa karne ya 2, alikaa chini akamsifu nzi. Garantii ya gurudumu la baiskeli haijapata wa kuisifu. Kutwa inasemwa vibaya: kwenye vijiwe vya daladala za baiskeli pale Shinyanga, kwenye foleni za maji, kwenye mabenchi ya mafundi. Wanaiita utapeli, wanaiita karatasi ya kufungia karanga. Mimi nasema huo ni utovu wa shukrani, na leo, kwa idhini yenu wasomaji, nasimama kuipa heshima zake. Nitaanza na ukoo wake, nije kwenye tabia zake, kisha niwajibu wanaoikashifu.

Garantii ni mtoto wa watu. Baba yake ni Hamu ya Kuuza, mama yake ni Hofu ya Kushtakiwa, na mtoto karithi sauti ya baba na moyo wa mama. Ndiyo maana juu ya boksi inasimama kwa herufi nene, MWAKA MMOJA, lakini ndani ya boksi inajificha kwenye kadi iliyokunjwa pamoja na kengele na spana mbili, imeandikwa kwa Kiingereza cha kuokoteza, kwa herufi ambazo hata mwenye miwani huzisoma kwa imani tu. Ni wangapi kati yetu wenye wema wa kujivunia wakautaja kwa sauti ndogo kiasi hicho? Huo ndio unyenyekevu.

Fadhila yake ya kwanza ni kumzoeza mtu kuachana na mali za dunia, moja baada ya nyingine. Nilipeleka dukani gurudumu langu la nyuma, spoki mbili zimekatika na ringi inayumba mpaka inagusa fremu. Kijana wa kaunta alinipokea kwa adabu zote.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Nimeleta mgonjwa.”

Akalishika kwenye ekseli, akalizungusha, akalitazama likienda upogo. “Hizi zimekatika kwa matumizi, mzee.”

“Matumizi gani?”

“Ya kuendesha.”

Nikamkumbusha kwamba garantii ni ya mwaka mmoja.

“Mwaka mmoja kamili, mzee, hilo halina ubishi. Ila spoki hazimo.”

“Nipeli?”

“Hazimo.”

“Tairi na tyubu?”

“Hivyo ni vitu vya kuisha.”

“Gololi za habu?”

“Nazo ni za kuisha.”

“Ringi?”

“Ringi imo. Isipokuwa ikipinda.”

Nilijaribu kufikiria ringi inaweza kupatwa na nini kingine zaidi ya kupinda, nikakosa. Kwa hiyo garantii ilikuwa imebaki na ile nafasi iliyo kati ya spoki na spoki, na kwa haki ya Mungu, nafasi ile haikuwa na kasoro hata moja tangu siku ya kununua. Kampuni ilikuwa imetimiza ahadi.

Fadhila ya pili ni elimu. Mwenye baiskeli nzima hajui kitu kuhusu gurudumu; analipanda, linamfikisha. Aliyekataliwa madai yake ndiye anayekwenda kusoma. Atajua kwamba gurudumu la nyuma la ile baiskeli yetu kubwa ya kazi, ya inchi 28, kwa kawaida lina spoki 40, na la mbele 32. Atajua kwamba uzito wa mpandaji unashika zaidi spoki zilizo chini: gurudumu likizunguka, kila spoki inayopita chini inalegea kidogo, kisha inakaza tena ikipanda. Duara la tairi kubwa ni kama meta 2.2, maana yake kilomita moja ni mizunguko 450 hivi. Anayekwenda sokoni na kurudi, kilomita 20, amezilegeza na kuzikaza spoki zake zote mara 9,000 kwa siku hiyo moja. Zikiwa zimekazwa sawasawa, zinavumilia miaka. Zikiwa zimelegea, au moja imebana na jirani yake inaning'inia, chuma kinachoka, kisha kinakatika pale pale kila mara: kwenye kiwiko, spoki inapojikunja kuingia kwenye sikio la habu.

Mhandisi Jobst Brandt aliandika kitabu kizima juu ya gurudumu la baiskeli, kikatoka mwaka 1981, na humo akahimiza jambo rahisi: ukimaliza kukaza spoki, zishike mbili mbili kwa viganja, uzibane kwa nguvu kuzunguka gurudumu zima, ili viwiko vikae mahali pake na chuma kipumue. Kazi ya dakika chache. Mtu anayejua hilo akitazama spoki iliyokatikia kwenye kiwiko katika miezi ya mwanzo hatafuti shimo la barabarani la kulilaumu. Shimo hupinda ringi. Spoki zinazokatika viwiko moja baada ya nyingine zinasimulia habari za siku gurudumu lilipofungwa. Elimu hii yote hutolewa bure na neno “hazimo”, na hakuna chuo kinachoitoa kwa bei hiyo.

Fadhila ya tatu ni kukumbusha kwamba kila kilicho juu ya ardhi kinapita. Garantii inadai risiti, na haitaki nyingine ila ile ya mashine ya EFD. Sasa, risiti ile huchapwa kwa joto kwenye karatasi inayochukia joto. Iweke kwenye pochi, ikae mfukoni juani, na kabla ya mvua za vuli utatoa kijikaratasi cheupe pe, kisicho na jina la duka, wala tarehe, wala bei. Kampuni inakuahidi miezi kumi na miwili kwa ushahidi usioweza kuimaliza. Wahubiri wamehangaika na somo hili la maisha kuwa mafupi tangu zamani. Garantii inalifundisha kwa kipande cha karatasi.

Ya nne ni undugu. Baiskeli nyingi za kazi zinazouzwa kwetu huingia nchini zikiwa vipande vipande: ringi zake, habu zake, spoki zake kwenye mafungu. Fundi wa duka ndiye anayezifunga. Kwa hiyo gurudumu likiharibika, mlango unafunguka wa kukutana na watu. Duka linasema spoki ni za kiwandani, muone mwagizaji. Mwagizaji anasema kiwanda kilituma spoki nzima, waliolifunga gurudumu ni duka. Fundi wa duka anasema yeye alifunga kama alivyoelekezwa, tatizo ni ringi. Utapigwa danadana mpaka ujuane nao kwa majina ya watoto wao. Gurudumu nalo litasafiri kwa basi kwenda Dar es Salaam, limefungwa kamba buti, limeandikwa namba ya simu kwa makapeni kwenye tairi. Nauli yake ya kwenda na kurudi ingenunua fungu zima la spoki na ikabaki hela ya chai, lakini fungu la spoki halijawahi kumtembeza mtu wala kumkutanisha na mtu.

Ya tano, garantii ina msimamo. Kadi inasema wazi kwamba haihusiki na uzito uliozidi wala na matumizi ya biashara, na haipepesi. Keria za kawaida za baiskeli hupimwa kubeba kilo 25. Dumu moja la maji la lita 20 lina kilo 20, na hakuna mama wala kijana aliyewahi kutoka nyumbani na baiskeli kwenda kisimani akateke dumu moja. Manne ni kilo 80. Gunia la mkaa, kreti za soda, abiria na mzigo wake: vyote hivyo ni kosa. Baiskeli ikiingiza hata shilingi mia, garantii inakata roho papo hapo. Kwa mantiki hiyo, baiskeli inayostahili ulinzi kamili kuanzia Tabora mpaka Bukoba ni moja tu, ile ambayo bado imo ndani ya boksi. Wengine wanasema huu ni unyang'anyi, kwamba kampuni inajua vizuri baiskeli hii huku inanunuliwa kwa kazi gani, na inaitangaza kwa picha ya mkulima aliyepakia magunia mawili. Hawaelewi. Picha ni ya baba. Kadi ni ya mama.

Sasa niwajibu wakashifu, ambao kila mara humleta mtu mmoja wa kunifunga mdomo: fundi baiskeli wa njiani. Haya, tumtazame huyo fundi. Unamfikia asubuhi. Anaipindua baiskeli kichwa chini, magurudumu juu. Anaigonga kila spoki kwa kucha, anasikiliza ipi inalia na ipi imekufa. Anachomoa zilizokatika, anapenyeza mpya, anashika kijispana cha nipeli, anaweka kidole gumba karibu na ringi na kuizungusha taratibu. Panapogusa anakaza upande wa pili robo duru, panapoachia anashusha. Chai yake haijapoa, ringi imenyooka. Unamuuliza je, zikikatika tena? Anakujibu: “Nirudishie, nipo hapa hapa.”

Mtu gani huyo! Hajakuuliza risiti. Hajataka namba iliyogongwa kwenye fremu. Hajataka kujua ulibeba nini, na alipoona vumbi la mkaa kwenye keria alinyamaza. Amekunyima safari, amekunyima urafiki na mwagizaji, amekunyima hata haki ya kukasirika. Mbaya zaidi, ahadi yake haina masharti, kwa sababu masikini hana pa kukimbilia: kesho yuko pale pale, keshokutwa pale pale, na kila anayepita anaona ringi alizozinyoosha zikipita. Mfanyabiashara asiye na mlango wa nyuma ni hatari kwa uchumi.

Wapo pia wanaonitajia Ulaya. Kweli, huko mambo yameharibika. Katika Umoja wa Ulaya muuzaji anawajibika kwa kasoro kwa muda usiopungua miaka miwili, kwa sheria, kadi iwepo isiwepo. Uingereza nao, kwa sheria ya haki za mlaji ya mwaka 2015, kasoro ikijitokeza ndani ya miezi sita huhesabiwa kwamba ilikuwepo tangu siku ya kununua, na anayetakiwa kuthibitisha vinginevyo ni muuzaji. Hebu fikirini unyonge wa mnunuzi wa namna hiyo. Anaingia dukani na gurudumu bovu, anatoka na gurudumu zima, na hajui hata kiwiko cha spoki kiko wapi.

Kwa kuwa naipenda garantii yetu na natamani idumu, nina ombi moja kwenu. Tafadhali msiisome Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214 ya sheria za Tanzania. Majirani zetu wa Kenya wasiiguse Sura ya 31 ya kwao, maana mama yao ni mmoja, sheria ya Uingereza ya mwaka 1893. Na mkiisoma kwa bahati mbaya, rukeni kifungu cha 16. Kifungu hicho kina kisirani. Kinasema mtu ukinunua bidhaa kwa maelezo yake kutoka kwa muuzaji anayefanya biashara ya bidhaa hizo, kuna sharti lisilohitaji kuandikwa kwamba bidhaa iwe na ubora wa kuuzika, isipokuwa kwa kasoro ambayo ungeiona ulipoikagua. Na spoki iliyokazwa vibaya haionekani kwa macho. Mzigo huo kinamtwisha muuzaji mwenyewe, yule aliyepokea hela yako, bila kujali kiwanda kiko Shanghai au Ludhiana. Kisha kinaongeza, kwa ufidhuli usiosemeka, kwamba garantii ya maandishi haifuti sharti hilo ila pale zinapopingana.

Mnaona hatari? Watu wakijua hivyo, watakagua gurudumu dukani kwa kulizungusha kabla ya kulipa. Watatoa kivuli cha risiti ya EFD siku ile ile. Spoki ya kwanza ikikatika, watalalamika mapema na kwa maandishi badala ya kukaa kimya miezi, kwa sababu anayekaa na bidhaa bila kusema kitu sheria inaweza kumhesabu kwamba ameikubali. Watatunza vipande vilivyokatika kwenye kibahasha. Wakijibiwa “hazimo”, watasema hawakuja kudai kadi, wamekuja kudai gurudumu, na muuzaji akikaza shingo watapeleka malalamiko Tume ya Ushindani. Msifanye hivyo, jamani. Garantii imeishi kwa amani muda wote huu kwa sababu tulikuwa tukiisoma yenyewe tu.