Nusu Pasi

Myford ML7 ilianza kutengenezwa mwaka 1946 huko Beeston, kando ya Nottingham, Uingereza. Walengwa walikuwa waungwana wenye kibanda nyuma ya bustani, wanaopenda kujichongea vijitreni vya mvuke Jumapili baada ya chai. Aliyeibuni hakumfikiria mpangaji wa Tandika mwenye chumba, sebule na pembe ya uani anayogombania na jiko la mkaa la jirani. Lakini mashine za kukereza chuma hazifi upesi. Zinastaafu, zinarithiwa, zinauzwa na watu wasiojua ni za nini, na hatimaye moja inaangukia kwa mtu ambaye kosa lake pekee ni kuchoka kumpelekea fundi kila kishafti cha feni.

Yangu ilitoka Morogoro, kwa mzee mstaafu wa karakana aliyekuwa ameihifadhi chini ya turubai pamoja na kuku. "Hii ni ndogo, mwanangu," aliniambia baada ya shikamoo. "Hata mezani inakaa." Ni kweli inakaa mezani. Ila ukiijumlisha na mota na stendi yake ya chuma inapita kilo 100, na sehemu kubwa ya kilo hizo imejazana upande mmoja, kwenye kichwa. Vijana waliokuja na kirikuu waliipima kwa macho, wakaona ni fupi, wakagawana: wewe huku, mimi kule. Wa kule alinyanyuka nayo akicheka. Wa huku alibaki ameinama, anamtaja mama yake.

Wakaitwa wenzao. Mmoja alitafuta pa kushika, akaiona ile skrubu ndefu inayopita mbele ya mashine, safi, ya duara, imejaa mkononi vizuri. Mzee, ambaye muda wote ule alikuwa anatembelea mkongojo, alifika pale bila mkongojo. "Acha hiyo! Shika bedi! Bedi!" Skrubu ile ndiyo inayokokota kisu wakati wa kukata hesi, na ikipinda hata unywele, kila hesi utakayokata nayo itazaliwa na ulemavu. Kijana aliiachia kwa adabu, akashika mahali pengine, ambapo napo palikuwa na grisi ya enzi za Mwalimu.

Watu wengi hudhani ukishakuwa na mashine ya kukereza, kilichobaki ni kukereza. Mashine ya mtumba ina mawazo tofauti. Kwenye mdomo wa mhimili wake hukaa chaki, yaani kile kichwa chenye taya kinachoshika chuma na kuzunguka nacho. Chaki ya taya tatu ilikuwepo. Ya taya nne, ambayo ndiyo inayoshika vitu visivyo duara, mzee aliwahi kumwazima rafiki yake, na rafiki amekwishatangulia mbele ya haki. Kariakoo chaki mpya zipo, ila lazima zifungwe kwenye bamba lenye hesi za ML7: kipenyo inchi 1⅛, meno 12 kwa kila inchi. Muuzaji alinisikiliza kwa makini, akaingia stoo, akarudi na nati ya milimita 28. "Hii inaendana, bosi."

Haiendani. Bamba hilo huchongwa, na huchongwa kwa mashine ya kukereza. Nikaenda nalo Gerezani, kwa fundi mwenye mashine ambayo ingeweza kuimeza yangu na mezani ikabaki nafasi ya chakula cha mchana.

"Wewe si una mashine?"

"Ninayo."

"Sasa?"

"Haina chaki."

"Na hiki si kipande cha chaki?"

"Ndicho."

Fundi alimwita mwenzake aje asikie mwenyewe. Baada ya kucheka alinichongea vizuri sana, na kwa bei hiyo hiyo akanionyesha alama ukutani, kimo cha kichwa cha mtu, ambapo ufunguo wa chaki uligonga siku mwanafunzi wake alipouacha kwenye tundu lake na kuwasha. Huwaonyesha wateja wote. Nadhani yale ndiyo mafunzo bora ya usalama niliyowahi kupata, na hayakuwa na cheti.

Chaki ya taya tatu nayo ilikuwa na mambo yake. Niliifungua ili kuosha uchafu wa kuku, na mwanangu akajitolea kurudisha taya. Zimegongwa namba 1, 2 na 3, kwa sababu meno yake hayafanani: kila moja lazima iingie kwa zamu ili zote zifike katikati pamoja. Yeye alianza na 3, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa juu ya rundo. Taya mbili zikafika, ya tatu ikachelewa, na kipande cha chuma kilipozungushwa kikawa kinayumba kwa madaha hadi wapangaji wakatoka vyumbani kutazama.

Halafu mafuta. Mashine hii haina habari ya kuyazungusha na kuyatumia tena. Juu ya kichwa kuna vikombe viwili. Unajaza, yanadondoka tone kwa tone kwenye beringi, yanalainisha, yanatoka, yanakwenda chini. Basi. Mwingereza alikuwa na sakafu ya mbao isiyo na mwenyewe. Mimi nina Mama Nuru. Chini ya mashine ilihitajika kitu kipana, cha bati, chenye ukingo, na humu ndani kitu cha namna hiyo kilikuwa kimoja tu: sinia lake kubwa la shughuli. Lilikuwa limekaa bila kazi tangu Idi.

Mavazi nayo yalibadilika. Jioni mimi ni mtu wa msuli. Lakini mbele ya chaki inayozunguka hapatakiwi kitu kinachoning'inia, si mikono mirefu, si mtandio, hata glavu, maana kitambaa kikinaswa mkono nao unafuata. Kwa hiyo nikitoka kazini navaa suruali nyingine ya kubana na fulana fupi, nakwenda hatua chache tu hadi uani. Jirani mmoja alimuuliza Mama Nuru kwa upole kama siku hizi mzee ana mtu.

Chenga ndizo zilizovuka mpaka. Chuma laini kikikatwa hutoka kama uzi mrefu, wa moto, mara nyingine wa rangi ya bluu, na makali yake hayashikwi kwa mkono. Unauvuta kwa ndoano. Uzi una nafuu, unauona. Shaba hutawanyika punje punje, zinaingia kwenye nywele, kwenye kandambili, kwenye mkeka, na usiku mmoja kwenye wali. Mama Nuru, ambaye kliniki walikuwa wamempa vidonge vya madini chuma, alitema taratibu, akaiangalia punje kwenye mwanga wa taa. "Baba Nuru, waliniambia nimeze kimoja kwa siku." Nilimweleza kwamba ile ni shaba. Haikusaidia.

Kesi nzito ilikuwa ya umeme. Nyumba nzima tuna mita moja ya LUKU, na tunachangia kwa vifaa: friji ina hesabu yake, runinga yake, pasi yake. Mashine ya kukereza haikuwemo kwenye daftari. Na bahati mbaya mota ya umeme wa njia moja inapoanza huvuta umeme mwingi kuliko ikishachanganya, hivyo kila nikiwasha, taa za nyumba nzima zinafifia kidogo na wapangaji wote wanajua ni nani. Kikao kikaitwa barazani. Nilijitetea kwa hesabu: mota yangu ni ya nusu nguvu farasi, kama wati 370, hata ukiongeza upotevu wa uzee haiifikii pasi ya wati 1000, na Mama Zai anapiga pasi nguo za watu kwa malipo kuanzia alasiri hadi taarifa ya habari.

"Lakini pasi haipigi kelele," alisema Mama Zai.

Kelele hazilipiwi LUKU. Hata hivyo wote walitikisa vichwa kukubali, na mshika daftari akaandika mbele yangu: *Injinia, nusu pasi*.

Kelele zenyewe zilikuwa na tiba. Kisu kikikaa chini ya kitovu cha chuma, hakikati vizuri, kinalia, na ukilainisha uso wa mbele kinakuachia kichunusi pale katikati. Fundi wa Gerezani hakuniuzia dawa ya kisasa. Alinipa vipande vya msumeno wa chuma uliovunjika, niviweke chini ya kisu kimoja kimoja. Nilivipanga, nikakaza, nikakata. Kichunusi kilipungua. Nikaongeza kingine, na safari hii uso ukatoka laini mpaka nikaziona ndevu zangu. Nilimwita kila aliyekuwa karibu. Alikuja mwanangu na kuku wa jirani.

Habari za Injinia zikatembea. Kijana wa bodaboda alileta bushi iliyoliwa, akanipa vipimo kwa milimita. Mashine yangu inajua inchi tu: kila mstari kwenye gurudumu la mkono ni sehemu moja ya elfu ya inchi, na kisu kikisogea mstari mmoja, unene unapungua miwili, kwa kuwa chuma kinaliwa pande zote. Kati ya milimita zake, inchi zangu na ile mara mbili, bushi ya kwanza ilipita kwenye tundu bila kugusa ukuta. Ya pili ilikaa. Alinishukuru sana, kisha akaniambia dukani mpya ni bei ya soda mbili, ila alitaka kuniunga mkono. Mwingine alileta bolti ya kukatwa hesi za milimita. Kwa kazi hiyo unahitaji gia ya meno 127, maana inchi ni milimita 25.4 kamili na hakuna gia ndogo zaidi inayozipatanisha bila kudanganya. Nilimpigia mzee Morogoro kumuuliza kama aliisahau bandani. Akasema naye aliitafuta tangu siku aliyonunua.

Kilichofanikiwa bila mjadala ni kishikio cha mfuniko wa sufuria. Cha plastiki kiliyeyuka. Nikachonga cha shaba, chenye kiuno, nikakisugua kwa msasa hadi kikang'aa. Ni kizito kuliko mfuniko wenyewe, kwa hiyo mvuke hautoroki, na Mama Nuru anasema wali unaiva upesi. Kinashika moto vibaya mno, lazima kishikwe kwa kitambaa. Mama Zai alikiona akakitaka, cha sufuria na cha birika. Sikuulizwa. Mama Nuru amekwishampa bei, tena na ya pasi kaijumlisha humo, na pesa zikitoka zinakwenda kununua sinia.