Kibatari Changu Kinaomba Namba za Usajili

Newala, Mtwara

Mheshimiwa Waziri wa Fedha,
Dodoma.

YAH: OMBI LA KUSAJILI KIBATARI KAMA CHOMBO CHA MOTO

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mkulima wa korosho hapa uwanda wa Makonde. Gari sina, na nalisema mapema ili maofisa wako wasihangaike kunitafuta kwenye mfumo. Nilicho nacho ni kibatari cha kopo la maziwa chenye utambi wa kitambaa, na tangu mwaka 2017 kimekuwa kikichangia leseni ya barabara kwa uaminifu ambao sijauona kwa wenye magari wengi.

Utakumbuka, Mheshimiwa. Juni mwaka ule Dk. Philip Mpango, akiwa kwenye kiti unachokalia wewe leo, alisimama bungeni akafuta ada ya mwaka ya leseni ya magari. Wabunge wakagonga meza. Sababu ilikuwa ya haki kabisa: gari la mtu limekufa zamani, liko juu ya mawe, kuku wanataga kwenye kiti cha nyuma, na deni la leseni linazidi kukua. Basi ada ikahamishiwa kwenye mafuta. Shilingi 40 kwa kila lita ya petroli, 40 kwa dizeli, na 40 kwa mafuta ya taa, ambayo ushuru wake ulitoka shilingi 425 ukawa 465.

Wachumi wataniambia kodi ya lita ni bora kuliko ada ya mwaka, kwa sababu anayetembea sana huchoma sana na hulipa sana. Nakubali. Kwa upande wa mazingira ndiyo kodi yenye akili kuliko zote tulizonazo. Ila kibatari kinatembea kwenda wapi? Safari yake ndefu ni kutoka jikoni mpaka chumbani, na njia hiyo haimo kwenye vitabu vya TANROADS wala vya TARURA. Moshi wake nao nauvuta mwenyewe na wanangu, jirani hapati hata harufu.

Wala haikuwa mara ya kwanza. Kabla ya bajeti ya 2011 kulikuwa na wajanja wakichanganya mafuta ya taa kwenye dizeli, injini za watu zikawa zinakufa. Dawa iliyopatikana ni kupandisha ushuru wa mafuta ya taa kutoka shilingi 52 hadi 400 na senti zake, ili uchakachuaji usiwe na faida. Mwizi alikuwa kwenye malori na vituo vya mafuta, aliyeibiwa alikuwa mwenye gari, na aliyehukumiwa akawa bibi wa Kitangari anayetafuta mwanga wa kumnywesha mjukuu dawa usiku. Najua utasema siku hizi kuna sola na nguzo za umeme za REA. Zipo, na tunashukuru. Lakini bibi alishalipa faini ya watu kwa miaka mingi kabla nguzo haijamfikia, na sijasikia mtu akimrudishia chenji.

Kwa hiyo, ikiwa nalipa kama mwenye gari, naomba nipewe na heshima ya mwenye gari. Njia ya haraka ni kukipa kibatari namba.

Nije sasa kwenye mazingira, maana najua wizara yako inayapenda. Gari la mtumba lililopita miaka kumi hutozwa ushuru wa uchakavu wa asilimia 30 linapoingia nchini, na tunaelezwa kuwa makuukuu yanachafua hewa. Ni kweli, yanachafua. Ila siku moja ukipata nafasi, simama nami kandokando ya barabara ya Newala kwenda Masasi tuhesabu.

Kwanza inapita Noah. Imelipiwa huo ushuru wa uchakavu na wenzake wote, na sasa inafanya kazi ya mchomoko, yaani kubeba abiria kwa nauli. Ndani wamo watu kumi na wawili, akiwemo mwanafunzi aliyekalia gia na mama mwenye kuku wawili miguuni. Juu kuna magunia, na konda amebana mlango kwa mkono kwa sababu kitasa kilishaacha kazi. Nyuma yake, vumbi jekundu likiwa bado halijatua, inakuja V8 yenye namba za serikali, STL. Vioo vimepandishwa, kiyoyozi kinapuliza, dereva yuko mbele na mheshimiwa mmoja yuko nyuma. Inakwenda kwenye kikao cha kuhimiza upandaji miti. Kikao kitachukua saa mbili na injini haitazimwa, maana kiti kikipata joto mheshimiwa atarudi akiwa hana furaha.

Lita moja ya petroli ikiungua hutoa kama kilo 2.3 za hewa ukaa, na ya dizeli hupita kilo mbili na nusu. Hiyo ni kemia, haijui cheo. Watu wa Noah wanagawana moshi wao kumi na wawili. Mheshimiwa anabeba wa kwake peke yake, pamoja na ule uliotoka akiwa anahutubia, na mafuta yote hayo yamenunuliwa kwa kodi, zikiwemo senti za kibatari.

Kisha kwenye kizuizi anayesimamishwa ni Noah. Namba zake ni za njano, gari binafsi, na kubeba abiria ni kosa. Hapo sitanii: Noah ya watu kumi na wawili ikipinduka ni msiba wa vijiji vitatu, na askari anayeizuia ana hoja. Nashangaa tu sheria inavyosomeka ukiwa huku uwandani. Gari binafsi likibeba mtu mmoja halina neno, likiwapakia majirani limeharibu nchi.

Nisijifanye mtakatifu. Msimu wa 2017, kilo ya korosho ilipofika shilingi 4,000 kwenye baadhi ya minada, nami niliota gari, nikalichagulia na rangi. Lami ya Mtwara–Newala–Masasi ikikamilika tutaota wengi zaidi. Na mtu wa Marekani, ambaye kwa wastani hutoa zaidi ya tani kumi za hewa ukaa kwa mwaka wakati Mtanzania hafikishi hata nusu tani, asije kutufundisha kutembea kwa miguu. Tunakujua. Tumetelemka bonde la Ruvuma kufuata maji tangu enzi za mabibi.

Tatizo ni kwamba bili ya moshi wa dunia haitumwi kwa aliyeuchoma. Mvua ikipiga wakati mkorosho una maua, salfa tuliyopuliza dhidi ya ubwiri unga inaoshwa. Ikipiga korosho zikiwa chini, daraja linashuka na bei inashuka nalo. Mei 2024, mvua na Kimbunga Hidaya vilipokata barabara ya Lindi kule Somanga, Kusini yote ilikaa ikisubiri, mwenye gari na asiye nalo.

Mbadala wenyewe tunauona ukipita. Gesi inatoka Mnazi Bay, inasafishwa Madimba, inaingia bombani na kusafiri mamia ya kilomita, na Dar es Salaam bajaji na teksi zinajaziwa gesi hiyo kwa bei nafuu na moshi kidogo. Sisi jirani wa kisima tunapimiwa petroli kibandani, kwenye chupa ya maji.

Reli nayo tuliwahi kuwa nayo. Waingereza waliijenga kwa ajili ya mradi wao wa karanga, kutoka Mtwara kwenda Nachingwea, na tawi likafika Masasi. Karanga zikashindwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikafungwa, ikang'olewa. Tangu hapo, kila anayetaka kutoka Kusini sharti atafute tairi. Mwaka 2015 ikaja tozo ya maendeleo ya reli, asilimia moja na nusu ya thamani ya bidhaa zinazoingia nchini, na kila Noah iliyoshushwa tangu hapo imelipa. Fedha hazikupotea: treni ya umeme inakwenda Dodoma tangu 2024, na wanaoipanda wanaisifia.

Nitakuja mwenyewe kufuatilia jibu la barua hii. Kutoka Dar es Salaam hadi ofisini kwako sina wasiwasi, nitapanda hiyo treni. Kutoka Newala hadi Dar ndipo naomba msaada wa wizara: kikao cha miti kikiisha, ile V8 ikiwa inarudi, nipewe lifti. Nyuma kuna nafasi.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mlipa leseni ya barabara, asiye na gari

Nakala: Mwenye kibanda cha mafuta ya taa, kwa taarifa.