Popobawa na Bakuli la Urojo

Mama mkwe wangu ni Mpemba wa Wete. Mwaka 1995, habari za popobawa, yule shetani mwenye mbawa anayesemekana kuwatokea watu usiku, zilipozagaa Pemba na kuvuka mpaka Unguja, alikuwa miongoni mwa waliobeba mikeka na kulala nje kwa makundi, moto ukiwaka katikati. Kwa hiyo nilipomaliza kuchora jalada la gemu yangu ya kutisha, niliona jaji nimempata humohumo nyumbani. Nikamwekea simu mbele, nikakaa kusubiri astaghafirullah.

Akaitazama. Akaisogeza mbali, akaivuta karibu.

"Mwanangu," akasema, "urojo huu unauzwa wapi?"

Mchana mimi ni fundi wa kompyuta mwenye kibanda Tandika. Usiku, watoto wakilala na umeme ukiwepo, natengeneza gemu peke yangu: hadithi mimi, michoro mimi, sauti mimi. Ule mlio wa mlango unaosisimua mwili ni mlango wetu wa choo, ambao umeigiza vizuri na haujadai malipo. Mchezaji yuko ndani ya nyumba ya udongo kule Pemba, ana kibatari na kibiriti chenye njiti chache, na juu ya paa kuna kitu kinatembea. Kazi hiyo ilinila miaka miwili. Jalada nililitengea Jumapili moja, baada ya chakula cha mchana.

Hapo ndipo nilipojikwaa. Kwenye duka la mtandaoni hakuna kijana wa Kariakoo wa kumshika mteja mkono, "Kaka karibu, kuangalia ni bure." Kuna safu za vijipicha, mteja anazipita kama basi la mikoani linavyopita kituo kisicho na abiria. Jalada ndiye kijana wako wa kuita wateja. Steam, duka kubwa la gemu za kompyuta, hutoza dola 100 kuingiza gemu moja, kisha hukudai picha kwa kila umbo: ya kulala, ya kusimama, ya bango. Ile ndogo kuliko zote kwa miaka mingi ilikuwa na upana wa pikseli 231 na kimo cha pikseli 87. Siku hizi faili wanalotaka ni kubwa maradufu, lakini kwenye orodha ya dukani mteja bado anaona kitu cha kukaribiana na kucha ya dole gumba.

Mimi nilikuwa nimechora kama ninayepamba ukumbi wa harusi. Popobawa alikuwepo, mbawa zote mbili wazi. Mwezi mpevu wa njano, na ukungu wa njano kuufuata. Mbuyu. Makaburi matatu. Msichana analia. Mkono unatoka ardhini. Jina la gemu lilikuwa kwa herufi zinazochuruzika damu, kama mabango ya zile filamu zetu ambazo waigizaji wote, hata mlinzi wa geti, lazima sura zao zionekane. Picha hiyo ukiipunguza, mwezi unageuka yai, makaburi yanakuwa kachori, popobawa ni bajia iliyoungua, ukungu ni ule mchuzi wa embe, na damu ni pilipili. Mama hakukosea hata kiungo kimoja.

Na juu ya urojo huo nilikuwa nimepanga kunyunyiza chatini: maneno "GEMU YA KUTISHA KULIKO ZOTE AFRIKA" pamoja na nyota tano nilizojitunuku mwenyewe. Rafiki yangu mmoja akaniambia nisome kanuni kwanza. Nikasoma. Tangu Septemba 2022, Steam hairuhusu jaladani kitu kingine zaidi ya mchoro wa gemu na jina lake. Sifa, tuzo, alama na matangazo ya punguzo hayana nafasi. Nyota zangu tano zikazimika kabla hazijawaka.

Nikaamua kuacha kuchora na kupiga picha halisi. Mpwa wangu, kijana wa miaka 16 mwenye mwili wa ufito, nilimvisha mwavuli mweusi uliovunjika, nusu bega hili na nusu bega lile, nikampandisha juu ya ukuta wa uani saa tano usiku. Mke wangu alishika tochi, akinung'unika. "Baba Nasra, watu watatuonaje?"

Walituona vizuri sana. Jirani yetu alitoka na ndoo yake, akainua macho, akaona kiumbe kimechuchumaa ukutani kikitikisa mbawa. Yowe alilopiga lilikuwa bora kuliko mayowe yote niliyorekodi ndani ya gemu, na simu yangu ilikuwa kwenye kamera, si kwenye kinasa sauti. Mpwa naye akashtuka, akaangukia banda la kuku. Dakika kumi baadaye mjumbe alikuwa mlangoni na wanaume sita.

"Shikamoo mjumbe. Hatuna ubaya, tunatengeneza jalada tu."

Mzee wa watu akakunja uso. "Jalada? Kwa hiyo kesi imeshafika polisi?"

Ilinichukua nusu saa kueleza kwamba kuna majalada ya aina mbili. Mayai yaliyovunjika nililipa mimi. Picha zote zilitoka na ukungu.

Usiku huo nilijifariji kwa kisa cha Mmarekani Scott Cawthon. Yeye aliwahi kutengeneza gemu ya watoto yenye wanyama wachangamfu wakata mbao, wakosoaji wakamwambia wanyama hao wanatisha kama midoli ya mashine. Badala ya kununa, akaichukua lawama ileile akaifanya mtaji, na mwaka 2014 akatoa Five Nights at Freddy's, iliyompa umaarufu dunia nzima. Tazama riziki ilivyo: yeye alitaka kupendeza akatisha, mimi nilitaka kutisha nikatia watu njaa.

Hata popobawa mwenyewe ananishinda kwa matangazo. Inasemekana humwamuru aliyetokewa akawasimulie wenzake, la sivyo atarudi. Kwa mpango huo jalada la nini?

Nikalala. Usiku wa manane umeme ukakatika, feni ikanyamaza, joto likaniamsha. Kupitia chandarua nikaona mtu amesimama karibu na mlango. Mrefu. Hana kichwa. Mabega yameshuka, mikono inaning'inia, ametulia kama anayesubiri niseme neno. Nilitaka kumwamsha mke wangu, sauti ikagoma. Nilisoma nilichokumbuka, na nisichokumbuka nikakirudia. Feni iliporudi na kupuliza, mtu yule akapepea.

Lilikuwa koti langu, kwenye msumari.

Miaka miwili nimechora mbawa na makucha, na aliyenitoa jasho ni koti la mtumba nililonunua mwenyewe Karume. Lakini nilielewa. Koti lile halikuwa na damu wala makaburi. Lilikuwa umbo moja, gizani, nyuma ya kitambaa, na kazi yote iliyobaki niliifanya mimi kwa woga wangu. Jalada langu lilikuwa linaonyesha kila kitu, kwa hiyo halikumwachia mtazamaji pa kuogopea.

Asubuhi nikafuta vyote. Nikachora chandarua chenye weupe uliofifia na giza pande zote. Katikati nikaweka mbonyeo mmoja, kama kuna paji la uso linakisukuma kutoka nje. Jina nikaliandika kwa herufi nene, nyeupe, zisizochuruzika chochote. Kwenye kile kijipicha kidogo nikaliacha jina lijaze karibu nafasi yote, maana pale hakuna anayeona mchoro, mteja anasoma tu na kupita. Nikaipunguza hadi ukubwa wa stempu, nikampelekea Mama jioni, bila miwani, taa ikiwa hafifu.

Akaitazama. Hakuisogeza mbali wala hakuivuta karibu. Alinirudishia simu ikiwa imegeuzwa kifudifudi.

"Baba Nasra," akasema taratibu, "mlango wa uani mmeufunga?"

Basi ndugu yangu unayechora jalada, liwe la gemu, la kitabu au la kanda ya mawaidha: kabla hujalisifia kwenye skrini kubwa, lipunguze lilingane na kucha yako, umpe mtu mzima asiyevaa miwani. Akikuuliza urojo unauzwa wapi, usibishane naye. Rudi ukapunguze viungo.